Kikombe ni Kimoja

Mwezi huu nilikusudia kuwaandikia habari za sadaka ya mavuno na za paa la kanisa, ambalo bado linavuja upande wa sakristia. Imenibidi niyaweke hayo kando, maana nimepokea barua. Walioiandika ni watu wema, nami sitawataja. Ni watu wanaotoa zaka zao na wanaokuja Misa hata siku ya mvua. Wanaiomba Halmashauri ya Mtaa ifanye moja katika mambo mawili: ama tununue vikombe vidogo vidogo ili kila mtu anywe chake, ama "wale wanaojulikana" waambiwe wapokee Ushirika mwisho, baada ya watu wote.

Hao wanaojulikana ni nani, hakuna asiyeelewa. Ni wenzetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Barua ile nimekwisha kuijibu kwa mkono wangu. Lakini hofu iliyomo si ya watu wawili watatu tu. Nimeisikia kisimani, nimeisikia msibani, na mara moja nimeisikia hata mlangoni mwa kanisa watu wakiwa bado wameshika vitabu vya sala. Basi naona heri niijibu hapa, mbele ya mtaa wote.

Nianze na lililo jepesi, yaani habari za mwili. Virusi hivi hukaa katika damu, katika majimaji ya uzazi ya mwanamume na ya mwanamke, na katika maziwa ya mama. Huambukiza kwa kujamiiana. Kwa damu kukutana na damu, kama kwa sindano au wembe. Na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa mimba, wa kujifungua au wa kunyonyesha. Mate hayaambukizi. Ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1981, na hapa Tanzania wagonjwa watatu wa kwanza walionekana Kagera mwaka 1983. Tangu siku hizo hadi leo hajajulikana mtu hata mmoja, popote duniani, aliyeambukizwa kwa kunywa katika kikombe cha Ushirika.

Tena mimi mwenyewe ni shahidi. Mnajua desturi ya Kanisa letu: divai iliyowekwa wakfu haimwagwi wala hairudishwi chupani. Ikibaki, padre huinywa yote, kisha husuuza kikombe kwa maji na kuyanywa maji hayo pia. Maana yake ni kwamba kila Jumapili mimi nakunywa baada ya midomo yenu yote, wazee kwa vijana, wazima kwa wagonjwa. Kama kikombe kile kingekuwa njia ya mauti ya namna hii, mapadre tungekwisha kabla ya waumini.

Na kama kuna hatari ya mtu kumdhuru mwenzake kanisani, basi sharti tuigeuze ile barua chini juu. Mwenye virusi ambaye mwili wake umedhoofika ndiye mwenye haki ya kutuogopa sisi na mafua yetu na kikohozi chetu. Ugonjwa unaowaua zaidi watu wanaoishi na virusi hivi ni kifua kikuu, nacho hupita katika hewa. Hakipiti katika kikombe. Kwa hiyo wanaotaka kweli kulinda afya za watu wawahi kuja Jumapili wafungue madirisha yale ya upande wa kusini, ambayo tangu kiangazi yamefungwa kwa sababu ya popo.

Hayo ndiyo mepesi. Sasa nije kwenye yaliyo mazito, nami sharti nianze na nafsi yangu.

Nilipokuwa shemasi, miaka ile kabla dawa hazijaanza kutolewa bure katika hospitali zetu mwaka 2004, nilitumwa kumpelekea Ushirika kijana mmoja aliyekuwa akiugua nyumbani kwao. Alikuwa amekonda, mdomo umejaa vidonda vyeupe, na chumba kilikuwa na harufu ya ugonjwa. Nilisoma sala haraka. Ulipofika wakati wa kumpa mkate, alinyosha kiganja chake, nami niliuachilia mkate kutoka juu, kama mtu anavyoangusha sarafu, ili vidole vyangu visiguse ngozi yake. Mama yake alikuwa amekaa mkekani, akaona. Hakuniambia neno. Alisogea, akakifunga kile kiganja cha mwanawe kwa mikono yake miwili, akakaa hivyo mpaka yule kijana alipoweza kukiinua hadi kinywani. Mimi nilikuwa nimevaa kanzu na stola, na Ushirika alioupokea kijana yule ulitoka mikononi mwa mama yake. Baada ya wiki tatu tulimzika. Mama yule alinipa mkono makaburini, akanishukuru kwa kuja.

Fungueni sasa Injili ya Marko, sura ya kwanza, tangu mstari wa 40 hadi wa 45. Mwenye ukoma anamjia Yesu, anapiga magoti, anamwambia kwamba akitaka anaweza kumtakasa. Angalieni jinsi Marko anavyoyapanga mambo. Hasemi kwamba Yesu alimponya kisha akamgusa. Kwanza ananyosha mkono, anamgusa. Neno la kuponya linakuja baadaye. Mtu yule alipoguswa bado alikuwa na ukoma wake, na kwa Torati bado alikuwa najisi. Mambo ya Walawi 13 humwamuru mtu wa namna hiyo akae peke yake nje ya kambi, na kupiga kelele kuwaonya watu wasimkaribie. Huenda miaka mingi ilikuwa imepita bila mkono wa mtu kumgusa. Kwa hiyo alipona mara mbili, na kule kuguswa kulitangulia.

Kuna jambo jingine katika mstari wa 45 ambalo wengi tunalisoma bila kusimama. Yule mtu alikwenda akaitangaza habari kila mahali, hata Yesu hakuweza tena kuingia mjini waziwazi, bali akakaa nje, mahali pasipo watu. Je, si ndiko alikokuwa akikaa yule mwenye ukoma? Wamebadilishana mahali. Aliyekuwa nje ameingia kijijini kwake, na Yesu ametoka nje badala yake. Ndugu zangu, anayemsukuma mwenzake nje ya kambi afahamu ni nani atakayemkuta huko.

Sasa kuna mama mmoja wa mtaa huu ambaye ameniruhusu nisimulie habari zake, kwa sharti nisitaje jina lake wala anakokaa. Nawasihi msijaribu kukisia. Mkikisia mtakosea, maana walio na habari kama zake hapa petu si mmoja.

Mama huyu anatumia dawa za kufubaza virusi. Siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku. Zahanati yenye kliniki ya tiba na matunzo iko karibu na kwake, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Yeye haendi huko. Hupanda magari mawili kwenda mji mwingine, kwa sababu katika ile zahanati ya karibu wanaongojea dawa hukaa kwenye benchi chini ya mwembe, na mwembe wenyewe uko kando ya barabara ya sokoni. Akifika nyumbani huvitoa vidonge katika kopo lake, maana kopo hulia ndani ya mkoba mtu anapotembea, na mlio ule watu wameujua. Huvifunga katika kitambaa na kuvitia ndani ya debe la unga. Mwaka jana wakati wa masika alikosa nauli, barabara nayo ikakatika, akakaa karibu miezi miwili bila dawa. Virusi vilivyokuwa vimetulia vikaamka. Kumrudishia nguvu zake kumechukua muda mrefu, na madaktari wamemwonya kwamba anayekatiza dawa kila mara anaweza kuvizoeza virusi mpaka dawa ishindwe.

Jumapili mama huyo alikuwa akikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na kuja kupokea wa mwisho kabisa. Mimi nilidhani ni unyenyekevu. Niliwahi hata kumsifu mbele ya akina mama kwa ajili hiyo. Ndipo aliponieleza kwamba alikuwa amesikia maneno, akaona heri ajitenge mwenyewe kabla hajatengwa.

Nimewauliza watu wa afya wanisaidie kuelewa kilichopotea katika ile miezi miwili. Mtu anayetumia dawa zake barabara, kila siku, kwa kawaida ndani ya miezi kama sita virusi hupungua katika damu mpaka kipimo hakivioni. Havijaisha, vimefubazwa, na akiacha dawa hurudi. Lakini maadamu vimefubazwa kiasi hicho, hamwambukizi mwenzi wake wa ndoa. Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi katika wenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, na majibu ya uchunguzi mkubwa wa Ulaya yaliyotolewa mwaka 2016 na mwaka 2019 hayakuonyesha hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wa namna hiyo. Na mama mjamzito je? Bila dawa, katika watoto 100 wa mama wenye virusi, 15 hata 45 huweza kuambukizwa. Dawa zikitumika vizuri hushuka chini ya watano. Wako watoto wanaoimba katika kwaya yetu ya Shule ya Jumapili ambao ni wazima kwa sababu mama zao walimeza kidonge kila siku, kwa siri, wakituogopa sisi.

Basi hesabu ni rahisi. Dawa iko, na inafanya kazi. Kinachomzuia mtu asiifikie mara nyingi ni macho ya jirani yake. Kwa Kiswahili cha siku hizi huitwa unyanyapaa, neno refu kidogo. Wazee wangesema tu kumtenga mtu.

Wengine watanijibu kwa Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, kwamba Mtume ameonya juu ya kula na kunywa isivyostahili, na kwamba aliyepata ugonjwa huu kwa dhambi hastahili. Sura hiyo naipenda sana, lakini naomba tuisome tangu mstari wa 17, siyo kurukia ule wa 27. Mtume aliwakasirikia akina nani pale Korintho? Aliwakasirikia waliokuwa wakikutana kwa karamu ya Bwana huku wamegawanyika. Wenye chakula walitangulia kula wakashiba, na maskini wakaja wakakuta mabaki. Katika mstari wa 22 anawauliza kama wanalidharau Kanisa la Mungu na kuwaaibisha wasio na kitu. Kutoupambanua mwili wa Bwana, katika sura ile, ni kula mezani pake huku unamsukuma kando aliye kiungo cha mwili huo. Kwa hiyo, ikiwa kuna mtu katika mtaa wetu anayekaribia kunywa isivyostahili, mimi simwoni kwenye benchi la mwisho.

Sisemi kwamba Kanisa liache kufundisha usafi wa moyo na uaminifu wa ndoa. Nitaendelea kuufundisha, na vijana wa kipaimara wanajua siwaonei haya. Lakini mke aliyekuwa mwaminifu akaletewa virusi na mumewe, utamwambia atubu nini? Na mtoto aliyezaliwa navyo? Hata yule aliyekosa kweli, je, ni sisi tuliokabidhiwa kupima dhambi za watu kwa vipimo vya maabara? Katika Yohana 9 wanafunzi walimwona kipofu wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana hakulikubali swali lenyewe.

Kanisa letu la Anglikana lina mfano ulio karibu. Nchini Uganda, Kanoni Gideon Byamugisha alifiwa na mkewe mwaka 1991, na mwaka 1992 akatangaza waziwazi kwamba yeye mwenyewe ana virusi vya UKIMWI. Alikuwa kiongozi wa dini wa kwanza Afrika kufanya hivyo. Fikirini miaka ile ilivyokuwa: dawa hizi za leo hazikuwapo, na padre anasimama kusema jambo ambalo wengine walilificha hata kwa ndugu zao wa tumbo moja. Aliendelea katika upadre wake, akasaidia kuanzisha umoja wa viongozi wa dini wa Afrika wanaoishi na virusi au walioguswa navyo. Najiuliza, kama padre wa namna hiyo angepangiwa kwetu, wale walioandika barua wangepokea kikombe mkononi mwake?

Kuna kikombe kingine ambacho sharti nikitaje, ijapokuwa najua nitagusa mahali panapouma. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Magari yalijipanga kilomita nyingi, watu wakalala njiani siku kadhaa, na wengine walifia humo barabarani. Hata katika mtaa huu tulichanga nauli, na wala sijitoi. Baadhi ya waliokuwa wakitumia dawa za virusi waliziacha wakiamini wamepona, na wako waliopoteza maisha kwa sababu hiyo. Wale waliokwenda simwoni mpumbavu hata mmoja. Mtu anayeteswa kwa siri ataenda mbali sana kutafuta mahali ambapo ataponywa bila kuulizwa maswali. Lakini nakumbuka vizuri kwamba katika wote waliotoka hapa kwenda Samunge, sikumsikia hata mmoja akiuliza kile kikombe kilishikwa na nani kabla yake. Kikombe cha madhabahuni ndicho tunachokiogopa.

Naomba pia niseme kwa ufupi juu ya ndoa. Mtu asije tena ofisini kwangu kuniomba nidai karatasi za vipimo vya wachumba kabla ya kutangaza ndoa. Sheria ya nchi ya mwaka 2008 haimpi padre wala mzee wa kanisa mamlaka ya kumlazimisha mtu apime, wala ya kutangaza majibu ya mtu. Wachumba nitawashauri wapime wote wawili kwa hiari yao, nami niko tayari kufuatana nao. Majibu ni yao.

Halmashauri imekutana Jumamosi iliyopita. Ilikuwa na maneno makali kidogo, sitaficha, lakini tumetoka na haya.

Kikombe kitabaki kile kile kimoja. Yeyote ambaye dhamiri yake bado ina wasiwasi asilazimishwe; apokee mkate peke yake, na Kanisa hufundisha kwamba amepokea Ushirika kamili. Asimwambie mtu sababu yake, wala mtu asimwulize.

Umoja wa Mama wameomba Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi iwe siku ya kuwasindikiza wagonjwa hospitalini: wa sukari, wa shinikizo la damu, wajawazito, na wa kila namna. Wote watapanda gari moja, na hakuna atakayeulizwa anashukia dirisha gani. Mnakumbuka Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wahudumu wengi waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa majumbani walibaki bila kazi. Akina mama walisema siku ile kwamba kutembelea mgonjwa hakuhitaji fedha za kutoka ng'ambo. Nauli lakini inahitaji mafuta ya gari, kwa hiyo kutakuwa na kikapu cha pili cha sadaka.

La mwisho ni dogo. Tangu kanisa hili lijengwe, watu wa mabenchi ya mbele wamekuwa wakitangulia kwenda kupokea. Kuanzia Jumapili ijayo wazee wa kanisa wataanza kuita mabenchi ya nyuma. Wanaozoea kukaa karibu na mlango wawe tayari.

Ni mimi ndugu yenu na mtumishi wenu,

Padre wa Mtaa